Bangili Inajua Moyo Unakwenda Mbio, Haijui Unakimbilia Wapi

Maswali ya wasomaji kuhusu kulea wazee

Mwezi huu barua tatu zimeangukia jambo moja: roboti za kuongea na watu, zinazokuja na bangili ya vihisi. Mzee anavaa bangili, roboti inasoma mwili wake, kisha inabadili sauti, maneno au muziki kufuatana na hali yake. Najibu kama mlezi. Kwa miaka 14 nimeogesha, nimelisha na nimesikiliza wazee Massachusetts, Marekani, na kwa miezi minne nyumba niliyokuwa nikifanya kazi iliweka roboti za namna hiyo kwenye vyumba sita. Nitasema niliyoyaona humo, na niliyoyasoma baadaye kwa sababu maelezo tuliyopewa siku ya kwanza hayakunitosha.

Shikamoo dada. Mama yetu ana miaka 74, anaishi Tanga, Ngamiani, pamoja na dada wa kazi. Baba alifariki mwaka juzi. Tangu mama atoke eda amepoa. Hapiki tena, haendi maulidini, ukimpigia simu anasema "mzima", basi. Kaka yetu aliyeko Doha ameona roboti ya mezani yenye bangili ya kupima mapigo ya moyo na jasho. Wanasema ikiona mtu ana huzuni inamchangamsha, tena inamtumia mwanawe ujumbe. Kaka anataka kununua. Dada mkubwa anasema huko ni kumtupia mama mashine. Mimi niko katikati. Mama ana presha na kisukari, na dawa anatumia. Kitu hiki kinafanya kazi kweli?
*Kitinda mimba, Tanga*

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa msiba wa mzee wenu.

Kiswahili chetu kiliijua bangili hiyo kabla haijatengenezwa. Tunasema fulani katokwa na kijasho chembamba, moyo unamwenda mbio, mikono imekuwa ya baridi. Ndiyo hayo hayo inayoyapima. Mtu akisisimka, mishipa ya fahamu inayotuandaa kukimbia au kupigana huamsha tezi za jasho, na ngozi yenye unyevu hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Bangili hupitisha umeme mdogo sana, ambao mvaaji hausikii, kati ya vipande viwili vya chuma, ikapima umepita kiasi gani. Kwa mapigo kuna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu ikijaa, mwanga mwingi hunyonywa. Ikipungua, mwingi hurudi. Kila kupanda na kushuka ni pigo moja. Mikono hupoa kwa sababu mishipa midogo hubana mtu anaposhtuka. Tena kuna kihisi cha mtikisiko, ili mashine isidhani mtu aliyepanda ngazi ameingiwa na hofu.

Sasa yasikilize tena maneno yale. Kijasho chembamba humtoka mwizi aliyebanwa, na humtoka bwana harusi. Moyo humwenda mbio aliyegongewa mlango usiku wa manane, na humwenda mbio mama anayemwona mwanawe akitokea uwanja wa ndege baada ya miaka sita. Bangili inapima ukubwa wa msisimko. Kama ni wa raha au wa karaha, hiyo haioni. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alizipanga hisia kwenye duara lenye mistari miwili, mmoja wa msisimko na mmoja wa utamu na uchungu. Mstari wa kwanza bangili inausoma vizuri. Wa pili roboti inaukisia kwa kusikiliza sauti na kutazama uso, na uso nao si shahidi wa kuaminika. Mwaka 2019 mwanasaikolojia mwingine, Lisa Feldman Barrett, na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba mwenye hasira mara nyingi hakunji uso kabisa, na aliyekunja uso pengine anafikiri tu.

Nikueleze lilitokea nini kwetu. Tulikuwa na mzee wa miaka 88, fundi wa zamani wa mashine za kufumia nguo, mwenye ugonjwa wa kusahau. Kila jioni baada ya saa moja bangili yake ilipanda, mapigo juu, jasho juu. Roboti mezani ikapunguza mwanga wake, ikalainisha sauti, ikamwambia tuvute pumzi pamoja, taratibu. Mzee akazidi kuwaka. Siku ya nne aliirushia kandambili. Ripoti ya mashine ikaandika "wasiwasi wa jioni", na kwa kuwa wazee wengi wenye ugonjwa huu kweli huhangaika jua likizama, hakuna aliyeshangaa. Wa zamu ya mchana walikuwa wamekwisha kuandika ombi kwa daktari la dawa ya kumtuliza.

Mimi nilikuwa zamu ya jioni. Saa moja na dakika kama kumi ndipo Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, walipokuwa wakianza kucheza, na redio ya yule mzee ilikuwa dirishani, sauti imeshushwa kwa sababu jirani yake alilalamika. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa anasikiliza besiboli, na mashine ilikuwa inamkatiza kila timu yake ilipokaribia kupata pointi. Nikamwendea muuguzi mkuu, ombi la dawa likafutwa, roboti ikahamishiwa sebuleni. Dawa zile humfanya mzee asinzie na kuyumba. Akianguka nyonga ikavunjika katika umri ule, wengi hawasimami tena kama zamani. Nikikumbuka tulivyokaribia kumpa, mpaka leo naumia.

Ila usiondoke na kisa hicho peke yake, maana chumba cha tatu kutoka pale kilinifunza jingine. Mama mmoja alikuwa amepata kiharusi, maneno yamempotea, upande wa kulia wa uso haujongei. Bangili alivishwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi tulipomvisha viatu mstari wa jasho ulipanda, tukimvua unashuka. Siku tano mfululizo. Viatu hivyo nilikuwa namvisha mimi, tena kwa kumwimbia, nikidhani namfurahisha. Siku ya tano mwenzangu akatazama mistari ile kwenye skrini akasema, hebu tumvue soksi tuone. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeota kuingia nyamani, na usaha umekwisha kujaa. Bila mstari ule ningemvisha viatu wiki nyingine.

Mashine zote mbili zilitoka kwenye boksi moja. Kwa mama wa viatu ilituonyesha kitu, watu wakaenda kutazama. Kwa mzee wa redio ilijitwalia kazi ya kutuliza kabla mtu hajauliza anatulizwa nini.

Sasa turudi Ngamiani. Kaka yako anaamini roboti ikiona huzuni itamchangamsha mama. Hapo ndipo shaka yangu ilipo kubwa kuliko pengine pote. Huzuni uliyonieleza ni ya kupoa. Mtu ameketi kimya, mapigo yametulia, ngozi kavu, mkono hautikisiki. Bangili itaandika kwamba ametulia. Kaka huko Doha ataona rangi ya kijani kwenye simu, atamshukuru Mungu, atarudi kazini. Na mama ameketi pale pale barazani, chai imepoa. Hofu ina kelele mwilini, huzuni ya kufiwa mara nyingi haina.

Tena mwili wa mama una mambo yake. Dawa za presha za kundi la bitabloka, kama atenolol na propranolol, huyazuia mapigo yasipande hata mtu akishtuka. Muulizeni daktari kama mama anatumia mojawapo. Kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha jasho, miguuni kwanza kisha mikononi, na kihisi cha jasho kikakosa cha kusoma. Linaloniogopesha zaidi ni kinyume chake. Kama mama anatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, sukari inaweza kushuka, na sukari ikishuka dalili ni kijasho, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Kwa bangili hiyo ni hofu tupu. Roboti itampigia kasida laini wakati anachohitaji ni maji ya sukari sasa hivi. Na akiwa kwenye bitabloka hata mapigo hayatasaidia kuonyesha, yatabaki jasho tu. Dada wa kazi ajue dalili hizo kwa moyo. Hilo lifanyeni leo, roboti ije isije.

Kuna na mambo madogo ambayo watengenezaji sidhani kama waliyawaza. Mama atavua bangili kwa kila udhu, maana maji lazima yafike kwenye ngozi. Mara tano kwa siku, na kila mara arudi kuivaa mahali pale pale, imkaze sawasawa. Mkono wenye bangili za dhahabu atauvua dhahabu? Mafuta ya nazi huweka utando kati ya ngozi na chuma. Wino wa tatuu unajulikana kuisumbua ile taa, basi siku akipaka hina hadi kwenye kifundo cha mkono, pimeni kabla na baada. Na joto la Februari la Tanga unalijua, mtu anatoka jasho akiwa amelala chini ya feni.

Lakini dada mkubwa naye asidhani ameshinda ubishi. Mashine ya kufariji si lazima iwe dharau. Ipo moja iitwayo PARO, mfano wa kitoto cha sili, mnyama wa bahari za barafu. Ina manyoya meupe na uzito kama kilo 2.7, ukiichaji unaipa chaja yenye umbo la chuchu bandia anayonyonya mtoto. Takanori Shibata wa Japani alianza kuifanyia kazi mwaka 1993, na mwaka 2009 Marekani iliiidhinisha kama kifaa cha tiba. Haina bangili. Inahisi ukiipapasa, inasikia sauti, inajua imeshikwa au imeachwa. Kule Queensland, Australia, mtafiti Wendy Moyle na wenzake waliipima kwa wazee 415 wenye ugonjwa wa kusahau katika nyumba 28, matokeo yakatoka mwaka 2017. Wengine walipewa PARO inayofanya kazi, wengine PARO ile ile iliyozimwa, wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Waliopewa inayofanya kazi walizungumza na kutazama zaidi kuliko wa iliyozimwa. Fomu ya kupimia fadhaa ilipojazwa, hata hivyo, tofauti kati ya makundi haikuonekana. Mimi nimemwona bibi asiyemjua mwanawe akiisuka nywele ile PARO na kuisimulia habari za shamba la baba yake. Lakini kila mara palikuwa na mtu kando akisikiliza, na hadithi ile ya shamba aliyeipeleka kwa mwanawe ni mtu.

Kisha kuna suala la kampuni. Roboti iitwayo Jibo, ya Cynthia Breazeal wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, iliingia nyumbani kwa watu mwaka 2017. Mwaka 2019 yenyewe iliwatangazia wenyeji wake kwamba kompyuta zinazoiendesha zitazimwa, ikawashukuru kwa kukaa nayo. Desemba 2024 watengenezaji wa Moxie, roboti ya watoto iliyouzwa dola 799, walitangaza kufunga, wazazi wakabaki kutafuta maneno ya kuwaambia wanao. Mama amemzika mume. Msimletee mwenzi wa pili ambaye kampuni ya mbali ikikosa fedha naye ananyamaza siku moja.

Ungekuwa tumbo moja nami ningekuambia hivi. Pesa ya kaka ipokeeni, ila isianze na roboti. Mpelekeni mama kliniki, sukari na presha vipimwe, na daktari aambiwe waziwazi kwamba hapiki na hatoki. Huzuni iliyomfunga mtu muda wote huo ina matibabu, na si aibu kuyatafuta. Mwongezeni dada wa kazi mshahara na mpeni daftari. Kwa wiki mbili aandike mama amekula nini, amelala saa ngapi, nani alikuja, na kitu gani kilimfanya acheke au anyanyue kichwa. Tengeni nauli ya bajaji ya maulidi kila wiki, na mtu wa kumpitia, maana mjane huona haya kuingia peke yake mahali alipozoea kuwa wawili.

Baada ya hapo, kama bado mnaiwaza roboti, ulizeni kwanza mama mwenyewe, ana kwa ana, na akikataa liishe. Akikubali, kaka awaulize wauzaji: inaelewa Kiswahili cha mama, au ni cha kutafsiriwa? Umeme ukikatika au bando likiisha inafanya nini? Mistari ya mwili wa mama inahifadhiwa nchi gani, na nani anaiona? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na habari za afya zimo kwenye zile nyeti. Halafu ule ujumbe, usiende Doha peke yake. Uende kwa mtu anayeweza kufika mlangoni kwa mama ndani ya dakika 10 akabisha hodi.

Dada, nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Hamburg. Wameleta roboti ya kuongea na wazee, na bangili zake. Sasa msimamizi anataka na sisi wafanyakazi tuvae, ili mashine ijue nani ana hasira au msongo kabla hajaingia chumbani. Anasema ni kwa faida yetu. Mkataba wangu ni wa muda na naogopa kukataa.
*Mlezi, Hamburg*

Ndugu yangu, hapa ulipo umesimama mahali pazuri kuliko unavyodhani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, ibara ya 5, imekataza mifumo inayokisia hisia za mtu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Katazo hilo lilianza kufanya kazi tarehe 2 Februari 2025, na anayelivunja anaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani. Hasira na msongo vimo humo. Kuwa macho na neno uchovu, kwa sababu sheria hiyo haihesabu uchovu wala maumivu kuwa hisia, na msimamizi akishauriwa vizuri atabadili maneno yake akuambie anapima uchovu tu. Basi muombe aandike. Bangili inapima nini, matokeo yanaitwaje, yanakaa wapi, nani anayasoma, na asiyevaa atafanywa nini. Ukiwa na karatasi hiyo nenda kwa Betriebsrat, baraza la wafanyakazi, kama nyumba yenu inalo. Sheria ya kazi ya Ujerumani inalipatia baraza hilo haki ya kukubali au kukataa mtambo wowote unaoweza kuchunguza mwenendo wa wafanyakazi. Usiende peke yako, nendeni watatu au wanne, hasa wenye mikataba ya kudumu watangulie.

Na nje ya sheria nina neno la mlezi kwa mlezi. Bibi niliyemhudumia miaka mitatu alifariki asubuhi moja nikiwa nimemshika mkono. Dakika tano baadaye niliingia chumba cha jirani nikamsalimu kwa uchangamfu, nikamkata kucha, nikamsikiliza. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma. Jirani yule hakujua, wala hakustahili kubebeshwa. Kile kilichokuwa kifuani mwangu kilikuwa changu, na kukiweka kando kwa hiari yangu ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya saa ile. Mashine ingeniandika kwamba sifai kuingia. Kama nyumba yenu inajali msongo wenu, kuna njia ya zamani ya kuupunguza: waongeze mtu mmoja kwenye zamu ya usiku.

Shikamoo mama. Nasoma uhandisi wa kompyuta, mwaka wa tatu, Dodoma. Mradi wangu ni roboti ndogo ya kuzungumza na wazee kwa Kiswahili, inayobadili maneno kwa kusoma bangili yenye kihisi cha mapigo na cha jasho. Nimewapima wenzangu 12 wakitazama video za kuchekesha na za kutisha, na mfumo unapatia. Kama mlezi, ungependa roboti hiyo ifanye nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, maana wengi hutengeneza kwanza ndipo wakatafuta wazee wa kuwauzia.

Umepima wenzako wa miaka 22. Bibi wa miaka 78 ana ngozi kavu, jasho lake la kifundoni ni dogo, na moyo wake pengine hupiga bila mpangilio hata akiwa na amani kabisa. Viganja na nyayo zina tezi nyingi za jasho, kifundo cha mkono kina chache. Kwa hiyo kila mzee mpime kwanza akiwa ametulia, siku kadhaa na saa tofauti, umlinganishe na nafsi yake, usimlinganishe na rafiki zako. Jasho nalo huchelewa, kwa kawaida sekunde 1 hadi 3 baada ya jambo lenyewe. Ukiharakisha utalibandika kwenye neno lisilohusika. Una jambo moja la heri: unapima ngozi zetu. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni viliwakosea wagonjwa weusi waliopungukiwa na oksijeni karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Navyo hutumia mwanga kupita kwenye ngozi. Andika rangi ya ngozi ya kila unayempima na makosa yaliyotokea, hata kama mwalimu wako hajakuomba.

Sasa swali lako. Kwanza, roboti isimwambie mzee anajisikiaje. "Naona una huzuni, bibi" ni maneno ya mtu asiye na adabu, hata akiwa amepatia. Iamkie, iulize, ikae kimya. Mashine tuliyokuwa nayo ilihesabu sekunde mbili za ukimya kuwa mazungumzo yamekwisha. Mzee anahitaji nane, wengine kumi.

Pili, na hili halimo kwenye vitabu vya Boston, ifundishe roboti neno "ila". Ukimuuliza mzee wetu hali atakujibu nzuri. Atajibu nzuri akiwa na homa, atajibu nzuri jana yake kazika. Ni salamu, heshima inadai hivyo, mfumo wako ukiandika "furaha" umekosea. Mngoje. "Nzuri tu mwanangu... ila huu mguu." "Salama, ila usiku ni mrefu." Kilichokuja baada ya "ila" ndiyo hali yake. Nimewahudumia wazee watano waliotoka Pwani ya kwetu wakaja kuishi na watoto wao Massachusetts, na wote waliniambia magonjwa yao namna hiyo. Bangili yako ingeweza kufanya kazi nzuri papo hapo: mzee kasema nzuri, mwili umepanda kuliko kawaida yake, basi roboti isibadilishe mada, isitie muziki, isubiri "ila". Isipokuja, ijaribu tena kwa upole baada ya kitambo, na baadaye imwambie mtu wa nyumbani kwamba bibi leo inafaa aulizwe.

Tatu, kitufe cha kuzima. Kikubwa, cha kubonyeza, chenye rangi inayoonekana, mahali mkono unaotetemeka unafika, na akikizima kisiwake chenyewe mpaka atake.

Ukiwa tayari, usiwaite wazee kwenye maabara. Wafuate nyumbani kwao alasiri, jua likipungua, ukae mkekani, unywe utakachopewa. Usiweke bangili siku ya kwanza. Beba daftari, uandike "ila" zote utakazozisikia na ilichukua muda gani kila moja kuja. Kisha niandikie ngapi umepata. Nataka sana kujua.